Aliyeanzia Mkiani mwa Foleni

Ijumaa, tarehe 28 Machi. Asubuhi imeamka na manyunyu na upepo kidogo kutoka upande wa karakana ya useremala, kisha jua likachungulia baada ya gwaride. Ni siku njema ya kumuaga mtu. Leo Mama Mkiani, sajenti wetu wa mapokezi ya wageni, anakabidhi sare baada ya kulitumikia gereza hili kwa miaka thelathini na mmoja. Sehemu kubwa ya miaka hiyo ameimaliza nje ya lango dogo, pale ambapo ndugu wa mahabusu na wafungwa hupanga foleni wakisubiri kuingia kuwaona watu wao.

Jina hilo hakupewa na wakubwa. Alipewa na watu wa foleni. Askari wengine wote hufungua lango na kuanza na aliye mbele. Yeye hutoka, hupita foleni nzima bila kusimama, huku akirudisha salamu kulia na kushoto, mpaka kwa mtu wa mwisho kabisa. Huko ndiko huanza kazi. Shuleni tulifundishwa kwamba kushika mkia ni aibu. Kwake aliyeshika mkia ndiye mgeni wa kwanza.

Tulipomwambia kwamba tunaandaa sherehe ya kumuaga, alitujibu kwamba hataki keki wala hotuba mpaka ajue nani atakwenda mkiani baada yake. Tulidhani anatania. Hakuwa anatania, na habari ya jinsi jambo hilo lilivyomkosesha usingizi tutaifikia.

Alianza kazi kwenye mnara wa ulinzi. Hakudumu kule, kwani kwa maneno yake mwenyewe, juu hapakuwa na wa kusalimiana naye isipokuwa kunguru, nao hawaitikii. Akapelekwa bweni la wanawake, halafu ghala la nguo, na hatimaye dirisha la kuandikisha wageni. Pale dirishani ndipo alipokutana na fundi cherehani mmoja, mtu mzima, aliyekuja kumwona mwanawe aliyekamatwa wiki hiyo. Fundi alikuja siku ya wafungwa ilhali mwanawe alikuwa mahabusu. Kitambulisho alikiacha nyumbani. Chakula alikitia kwenye chupa ya kioo. Alisimama foleni tangu asubuhi, na alipofika dirishani aliambiwa yote hayo kwa mkupuo mmoja, akarudishwa. Hakugomba. Aliuliza tu, kwa upole, "Sasa mwanangu, haya ningeambiwa wapi kabla ya kufika hapa?"

Mama Mkiani husema swali lile lilimganda kama kupe. Akaanza kuchunguza foleni, akagundua jambo ambalo sisi sote tulikuwa tunaliona bila kuliona. Wanaofika alfajiri ni wazoefu: wanajua siku, wanajua vyombo, wanajua hata askari gani ana kisirani. Anayekuja mara ya kwanza hajui kitu, kwa hiyo huchelewa, husimama mwisho, na akifika dirishani na kosa lake, saa za kutembelea zimekwisha na hakuna muda wa kulirekebisha. Anayehitaji kuambiwa zaidi ndiye aliyekuwa akiambiwa baada ya wote. Kesho yake akatoka nje, akaenda mkiani.

Hatutaki ionekane kwamba tunamuaga malaika. Mama Mkiani ni mbishi, huimba nyimbo za gwaride kwa tuni ya peke yake, na chai yake mtu akiigusa atajuta. Kazi nayo ilimwingia mpaka kwenye damu. Siku mkwewe, mama mzazi wa mume wa bintiye, alipokuja kumtembelea kwa mara ya kwanza, alileta mkate mkubwa aliouoka mwenyewe. Mama Mkiani aliupokea kwa mikono miwili, akauweka mezani, akauchana katikati, akauchokonoa kwa kijiko pande zote, akamwambia mgeni, "Haya mama, onja wewe kwanza." Alikumbuka kwamba yuko nyumbani, si langoni, mkwewe alipokwisha kumeza. Mume wa Mama Mkiani, dereva mstaafu, ndiye aliyeokoa jahazi kwa kumwomba mkwe ashukuru Mungu hakuvuliwa viatu.

Kwa kuwa jarida hili hubandikwa pia ukumbini kwa wageni, yeye mwenyewe ametuagiza tusijaze ukurasa kwa sifa tu. Ameomba tuandike yale aliyokuwa akiyasema mkiani, ili yasistaafu naye. Haya hapa, kama alivyoyasema.

Kwanza jua mtu wako ni mahabusu au ni mfungwa, maana siku zao si moja. Mahabusu ni yule ambaye kesi yake haijaisha. Njoo na kitambulisho chako, na uje na jina lake kama lilivyoandikwa mahakamani. Kuna mama aliyemuulizia "Kadogoo" kutwa nzima, akaambiwa hatumjui, na kijana alikuwa hatua chache tu kutoka pale, ameandikwa majina matatu marefu. Kabla ya kutoka nyumbani uliza kama siku hiyo ana tarehe ya mahakama, kwa sababu gari la mahakama huondoka mapema na wewe utamkuta hayupo bila kosa la mtu.

Chakula kisiwe na mifupa wala miiba, kiwe kwenye chombo cha plastiki, nawe utakionja mbele ya askari. Usikasirike, hata mwenye cheo hapa huonja alicholeta. Sabuni na mswaki karibu. Kioo, mkanda na viatu vya kamba, hapana. Dawa usimpe mkononi hata kama ni ya kichwa. Mkabidhi mtu wa zahanati pamoja na cheti cha daktari. Usivae nguo inayofanana na sare ya askari wala ya wafungwa. Simu utaiacha kaunta, utapewa kibao chenye namba. Mwanamke atapekuliwa na mwanamke, nyuma ya pazia, na mtoto aje na mtu mzima anayemhusu. Kutembelea ni bure. Akitokea mtu njiani akakuambia kuna ada ya kufunguliwa lango, muulize jina lake kisha njoo uniambie.

Na jambo ambalo halimo katika kanuni yoyote, lakini Mama Mkiani hakuwahi kuliruka: dakika ni chache, kwa hiyo kubalianeni mkiwa foleni nani ataanza kusema. Amewaona watu wengi wakilia mpaka muda ukaisha, wakakumbuka nje ya lango kwamba hawakumuuliza mtu wao kama anaumwa. "Machozi yana siku nzima ya kutoka," huwaambia. "Maneno yana dakika kumi na tano."

Sasa turudi kwenye usingizi wake. Mkuu wa gereza alitangaza kwamba kwa kuwa yeye anastaafu, kutawekwa ubao mkubwa wa maelezo pamoja na kipaza sauti. Tuseme kweli, Mkuu hakukosea. Wapo wanaokuja siku ambazo Mama Mkiani hayuko zamu, nao wana haki ya kuelezwa. Mama Mkiani mwenyewe alisaidia kuandika ubao, na maandishi yalipokauka alisimama mbele yake akakubali kwamba ni mzuri. Ila alisema ubao hauoni mtu amebeba nini. Mzee asiyeweza kusoma atausogelea, atautazama kwa heshima, kisha atarudi kwenye foleni na chupa yake ya kioo.

Aliyepangwa kushika nafasi yake ni koplo tunayemwita Spika, mwenye mwili mpana na sauti ya kuamsha bweni zima. Spika ni mtu mwema, lakini na kutembea hawapatani. Alipoelezwa kuhusu kwenda mkiani alicheka. "Afande, sauti yangu mimi inafika mkiani bila miguu."

"Sauti itafika," Mama Mkiani alimjibu. "Na macho je?"

Mama Mkiani hakumshurutisha. Akaenda likizo yake ya mwisho na swali likiwa juu ya meza. Nyumbani alikuwa akigeuka kitandani kama chapati. Mume wake alitueleza, nusu kwa kulalamika, kwamba mkewe amestaafu usingizi kabla ya kustaafu kazi. Kila akimuuliza nini kinamsumbua, jibu lilikuwa lile lile: nani atamwambia mtu wa mwisho?

Jumatano ya wiki hii ilikuwa siku ya mahabusu. Mama Mkiani alivaa gauni la maua, akajifunga mtandio mpaka kwenye nyusi, akachukua miwani ya mumewe ambayo kwayo haoni vizuri, akaja kusimama foleni kama mgeni. Alichelewa kwa makusudi ili ashike mkia. Mkobani alitia kila kosa alilowahi kulikuta: samaki wa kukaanga na miiba yake, pilipili kwenye chupa ya kioo, mkanda na kioo cha kunyolea. Hakumwambia mtu. Sisi tuliokuwa dirishani hatukumtambua.

Lango lilifunguliwa. Spika alisimama mbele, akashika kipaza sauti, akasoma ubao kuanzia juu mpaka chini. Alisoma vizuri, hilo tumpe. Kisha akakaa kitini. Foleni ikaanza kusogea, manyunyu yakaanza kudondoka, na mkiani hakuna aliyekuja. Baadaye Mama Mkiani alituambia kwamba pale moyo wake ulishuka mpaka kwenye viatu. Alijiona amekwisha kweli, si yeye tu, bali na ile njia yenyewe. Alitaka kuondoka, akagundua kwamba nyuma yake amekuja kusimama mzee mmoja, na mzee huyo amebeba godoro kichwani.

Godoro lile ndilo Spika aliloliona. Alisimama, akalitazama kwa mbali, akakibonyeza kipaza sauti kama anayetaka kusema, akakizima. Akakiweka kitini. Akaanza kutembea kwenye manyunyu, akiguna, mpaka mwisho wa foleni.

"Shikamoo mzee. Hilo godoro, unahamia?"

Watu wakacheka, na mzee naye akacheka. Alikuwa amekuja kumwona mjukuu wake, na alisikia kwamba ndani wanalala chini. Spika alilipokea godoro, akaliweka chini ya paa la mabati, akamweleza taratibu kwamba halitaruhusiwa kuingia, ila atarudi nalo salama. Akamuuliza jina la mahakamani, akakitazama kitambulisho chake, akamshauri ayapange maneno yake mapema. Kisha akamgeukia mama wa mtandio.

"Na wewe mama yangu, fungua huo mkoba tuone mapema, usije ukaninunia dirishani."

Akatoa kimoja kimoja. Pilipili: "Hii chupa hapana." Mkanda: "Hapana." Kioo: "Cha nini mama, ana posa leo?" Alipofika kwa samaki alimshika mkiani, akamwinua juu, akapumua kwa nguvu. "Mama, mbona umebeba kila kilichokatazwa? Kwani umekuja kumwona nani?"

Mama Mkiani akavua miwani. "Nimekuja kukuona wewe."

Spika alikakamaa. Mazoea yakamtangulia, akapiga saluti, samaki akiwa bado mkononi. Foleni nzima iliyomfahamu mama yule ikaangua kicheko na makofi mpaka askari wa mnarani akachungulia. Mama Mkiani hakupiga makofi. Aliushika mkono wa Spika uliokuwa hauna samaki, akautikisa kwa muda, halafu akaelekeza kidole kwa yule mzee. "Mimi niache. Mpeleke huyu, saa inakwenda."

Mzee aliingia na mjukuu wake akaletwa. Alipotoka tulimsikia akimwambia Spika kwamba kijana ni mzima, anakohoa kidogo tu, na kwamba alikumbuka kumuuliza. Godoro lake alilibeba, akaenda zake. Siku hiyo hiyo Mama Mkiani alipita ofisini kwa Mkuu akasema yuko tayari kuagwa, na keki iwe kubwa.

Mama Mkiani, asante kwa paa la mabati ulilolipigania, kwa pazia la kibanda cha upekuzi, na kwa njia nyembamba uliyoichora kwa miguu yako kando ya foleni, ambayo majani hayajathubutu kuota juu yake. Tunakuombea afya, amani ya nyumbani, wakwe wenye subira, na mkate ambao hakuna atakayeuchokonoa. Ukitaka kuja kututembelea, siku unazijua, na njoo na kitambulisho.

Kuhusu usingizi, tumemuuliza mume wake ili kumbukumbu zetu zikamilike. Anasema Jumatano ile mkewe alirudi, akala samaki wake pamoja na miiba yake, akaegemea kochi kusubiri taarifa ya habari, na hakuisikia. Alilala saa mbili kasorobo usiku.