Wifi Yangu Aliyeniita Bata

Tumsifu Yesu Kristo, jumuiya! Aa-aa. Hiyo "milele amina" yenu imetoka kama mmekunywa uji wa jana. Haya, basi, na mimi nimechoka, tuchoke wote. Karibuni hapa kwangu. Mtaniruhusu niseme nikiwa nimekaa kwenye kigoda, maana magoti yangu yakiinama hayakubali tena kunyooka.

Mimi kusoma sijui, Injili naisikia kwa masikio tu. Nitasema kama nilivyoona. Bwana amenitendea! Amenitendea, ingawa mkinitazama mtasema huyu bibi katendewa nini, mbona macho yameingia ndani. Ngojeni.

Ndugu zangu, mnamfahamu wifi yangu Filomena, dada wa marehemu mume wangu, yuko humo ndani kitandani, dirisha lile pale, kwa hiyo anatusikia. Mimi niliolewa nikitoka kule Mahenge milimani, nikaletwa kwao bondeni, msichana mwembamba, nyayo zangu zinatazama nje kama mnavyoziona. Siku ya kwanza nateka maji, wifi huyu kasimama mlangoni, mkono kiunoni, kaita wenzake, "Njooni muone! Kaka kaoa bata! Tazameni bata anavyotembea!" Basi. Jina likanishika. Nimezaa, nimezika mume, nimepata wajukuu, bado naitwa Bata. Ugali nikipika, "Bata, huu ugali au udongo?" Nikivaa kitenge kipya, "Bata naye kavaa!" Watoto wake walitangulia mbele za haki, akaja kuishi kwangu hapa Mlabani. Ni nyumba ya kaka yake, ningemwambia nini? Akaja na mkeka wake na mdomo wake.

Sasa mwaka huu, mvua zikiwa zimekolea na mpunga umeshapaliliwa, wifi akaanguka hapo uani anaanua nguo. Mdomo ukaenda upande. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vikafa. Hospitali wakasema ni presha imempiga kiharusi, tumfanyishe mazoezi, tumgeuze asipate vidonda. Na sauti ikapotea, ndugu zangu! Ule mdomo! Ukawa unasema "nnn" tu. Njaa ni "nnn", haja ni "nnn", maumivu ni "nnn". Mimi ndiye wa kubahatisha.

Mtadhani nilipumzika kwa kutokuitwa Bata. Sikupumzika. Kumwosha, kumlisha, kumgeuza, kufua mashuka, kuanika, mvua inanyesha, unaanua, unaanika tena. Nilikuwa nashika rozari, nafika kwenye "Baba yetu uliye", nasinzia. Mbinguni sifiki. Nikawa nasema, Bwana, maneno yangu yameisha, utanisamehe, leo chukua haya mashuka yawe ndiyo sala.

Na nyinyi mlikuja, msiinamishe vichwa, mlikuja! Mwenyekiti wetu alikaa pale pale alipokaa leo, akafumba macho, "Mama Otilia, huuuo ndio msalaba wakooo! Ubebe kwa furahaaa!" Kisha akafumbua, "Hivi chai ina tangawizi?" Cheka tu, mama, ni wewe huyo. Na Katekista, kwa ile sauti yake ya puani, "Mateso ya dunia hii, mama, ni ya kitambo." Akanyanyua baiskeli yake, kitambo kikaenda naye. Mimi nikabaki na beseni.

Sasa lililonivunja mgongo hasa ni shamba. Mnajua mpunga wangu uko Idete, na mnajua mpunga ukianza kuingiza maziwa hauachwi. Ndege wale wadogo wanakuja kama wingu, wananyonya asubuhi, jioni unakuta makapi yamesimama. Kila mtu huhama mji, anakwenda kukaa shambani juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu, anapiga kelele tangu kunakucha mpaka jua linazama. Mimi nitahamaje? Nikienda, wifi anakufa kitandani. Nikikaa, mpunga unakwenda, na ule ndio chakula chetu cha mwaka, hakuna kingine.

Nikampigia simu mwanangu anayefanya kazi kwenye mashamba ya miwa. "Mama, mwaka huu shamba achana nalo tu, utapata presha na wewe." Nikamwambia, nitakula nini, baba, nitakula hiyo simu? Akasema mtandao unasumbua.

Ndugu zangu, siku ile nilikaa chini jikoni, sikulia. Kulia kunataka nguvu. Nikasema, Bwana Yesu, mimi sina miili miwili. Kama unaona, fanya. Kama huoni, basi, angalau nijue.

Sikusikia sauti. Sikuona mwanga. Niliona mkeka wa wifi uko pale ukutani, umekunjwa. Nikasema, kumbe. Kama wote huhama, na huyu atahama!

Mkasema nimechanganyikiwa, nilisikia. "Bibi anampeleka mgonjwa akafie porini!" Nikampakia basi linalokwenda Mlimba, konda kaninunia njia nzima. Tukashushwa Idete, yeye juu ya mkeka kando ya barabara, mimi pembeni yake na sufuria, na shamba bado lipo mbali.

Basi akatokea Mzee Masanja na tela lake la ng'ombe. Huyu ni Msukuma, ana mifugo kule nyuma ya mashamba yetu. Na wifi alikuwa anamtukana huyo mzee kila msimu! Ng'ombe akipita tu kwenye jaruba la mpunga, wifi anamsema mpaka babu zake. Mzee akasimamisha tela, akachungulia. "Mayu," ndivyo kwao wanavyomwita mama, "huyu siyo yule mama alikuwaga ananitukana?" Nikasema ndiye. Wifi akasema "nnn". Mzee akacheka, meno yote nje, "Leo kanyamaza! Haya, tumpandishe." Akamfikisha mpaka dungu, akambeba mgongoni, akapanda naye zile ngazi za miti, huku anasema, "Mwepesi kuliko ndama, mayu." Nikamwambia Mungu akubariki, njoo na kanisani siku moja. "Aa, mayu, mimi kanisani siendagi. Kesho nitamleta mke wangu akusaidie kumwosha." Na akamleta! Kila asubuhi mama yule alikuja na maziwa. Msinitazame, mimi sijasema kitu.

Nikamkalisha wifi kwenye dungu, nimemzungushia magunia asianguke. Kamba ya makopo, ile inayopita shamba zima, nikaifunga karibu na mkono wake mzima, wa kushoto. Nikamwambia, wifi, ndiyo mazoezi waliyosema hospitali. Vuta. Akanitazama kama nimemtukana. Akavuta kidogo, makopo yakalia, ndege wachache wakaruka. Akavuta tena.

Tukakaa hivyo. Yeye anavuta, mimi nazunguka kwenye matuta na kombeo, narusha udongo, napiga kelele mpaka koo linawaka, narudi, namwosha, namgeuza, nashuka tena. Mwili ukasema hapana. Mchana mmoja, jua kali, niliegemea nguzo ya dungu nimeshika kombeo hivi, usingizi ukanichukua kabisa.

Na hapo ndipo wakaja, ndugu zangu. Lile wingu lenyewe! Mimi nakoroma!

Nikasikia makopo yanalia kama harusi. Kwanza nikadhani naota. Halafu juu ya kichwa changu ikatoka sauti, nzito, imekwaruza, imepinda kama mdomo wenyewe:

"Bata! Bata! Ndege!"

Yesu wangu! Nikaruka, nikarusha udongo, nikapiga kelele, makopo yanalia, na yeye juu haachi, "Bata! Bata! Bata!" Wingu likanyanyuka likaenda kwa wengine, Mungu atusamehe. Mimi nikapanda ngazi, nikamshika wifi uso wote, nikalia hapo sasa. Jina lile nililolichukia tangu usichana! Nikamwambia, niite tena. Akanitazama, jicho moja linacheka. "Bata," anasema. "Maji."

Ndugu zangu, sikuletewa malaika. Mkono wa kulia bado umekufa. Mguu vilevile. Maneno aliyorudishiwa ni machache, na karibu yote ni matusi. Mpunga tulivuna, siyo mwingi, kona ya kule mtoni waliimaliza, lakini tunakula, na uji mnaokunywa hapo ni wa mpunga ule. Na mimi bado nimechoka. Nisiwadanganye. Asubuhi naamka nimechoka kama nilivyolala nimechoka. Lakini rozari sasa naimaliza, maana tunasali wawili. Nikisinzia kwenye "Baba yetu", kuna mtu ananiita kutoka kitandani.

Asante, Bwana! Asante kwa Masanja ambaye hasali, asante kwa mkewe, asante kwa mdomo wa wifi yangu! Na nyinyi mliochoka, na wewe mama wa pale nyuma mwenye mtoto mgonjwa, nakuona, mtumaini Yeye. Hakucheki ukisinzia.

Hebu nyamazeni. Mmesikia dirishani? Ndiyo huyo. Saa yake ya kugeuzwa imefika.

Nakuja, wifi!

Haya, Katekista, acha baiskeli. Wewe utashika miguu. Mwenyekiti, maji ya moto yako jikoni, na sabuni iko juu ya dirisha. Tumsifu Yesu Kristo. Sasa itikieni mkiwa mmesimama.