Benchi la Bi. Tumpe

Bi. Tumpe Mwasomola anastaafu Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na miwili ya kuandika na kuhariri hapa Nyumba ya Vitabu Kihesa. Furaha ipo, keki ipo, na hofu ipo pia. Mimi Aroni, mpangaji kurasa, siwezi kusema uongo kwenye jarida letu wenyewe.

Alifika Iringa mwaka 1993 na mama yake, Bibi Esta, wakiwa na kapu moja. Kijijini kwao Rungwe lambalamba, wale watafuta wachawi, walimnyoa Bibi Esta nywele hadharani na kumpa siku moja ahame. Kosa lake? Uzee, macho mekundu ya moshi, na ng'ombe wa jirani aliyekufa. Bibi Esta tulimzika hapa Kihesa. Binti yake, huku anaitwa Mnyakyusa. Akienda Mbeya wanamsikia anaamkia “kamwene”, salamu ya Iringa, wanamwita Mhehe. Mwenyewe husema kwao ni stendi ya mabasi.

Ameandika vitabu saba kuhusu watu waliofukuzwa makwao. Utaratibu wake ni mmoja, na umetuchelewesha miaka yote: hakuna ukurasa unaochapwa kabla mhusika hajasomewa. Aliwahi kupanda lori hadi Makongolosi kumsomea mjane sura moja tu, akarudi na vumbi mpaka kwenye kope na mstari mmoja umefutwa. Mkurugenzi wetu, Clement, alilalamika wee, akachoka. Siku hizi anamfungia karanga za safari.

Sasa niungame. Mwaka 2009, katika kitabu kuhusu mama yake, aliacha nafasi tupu penye jina la kijiji. Mimi na ujuaji wangu nikadhani amesahau, nikalijaza. Nakala zikaenda Mbeya. Wiki ya tatu ikaja bahasha isiyo na jina la mtumaji, ndani yake wembe mpya. Nikamweleza yote. Aliuchukua ule wembe akachongea penseli, na anachongea nao mpaka leo. Mimi kila bahasha ikiingia ofisini bado naipapasa kabla ya kuifungua.

Na huko huko kijijini ndiko anakorudi, kwenye nyumba aliyoiacha mama yake, akiwa na miaka sitini na macho yaliyoanza kuwa mekundu kwa kusoma. Jamani! Tulimwendea wote kumsihi abaki. Alitujibu kwa upole kwamba tangu jina la kijiji lilipochapwa, kijiji nacho ni mhusika, na hakijasomewa. Hajawahi kuacha kazi nusu.

Tulitaka kumpa mlango wa chuma wenye makomeo matatu. Akaukataa. Ameomba benchi refu la mninga, la watu saba, aliweke uwanjani kwake na kuwasomea majirani. Benchi limekamilika. Jumamosi nalipeleka mimi, na siku ya kwanza ya kusoma nitakaa kwenye nafasi yake ya kwanza, maana jina nililiandika mimi. Naogopa, sifichi. Kijiji chenyewe safari hii sikitaji, nimeshajifunza.

Bi. Tumpe, ahsante kwa kutufundisha kumsomea mtu kabla ya kuchapa habari zake. Uishi salama, uzeeke taratibu, na zile nafasi sita zilizobaki zipate watu.