Msimpigie Rubani Simu

Leo Jumamosi, saa moja na dakika arobaini asubuhi, ndege ya shirika letu, Umande, imeruka kutoka Dar es Salaam, na ikijaliwa itatua hapa Masasi kabla ya saa tatu. Ni safari yetu ya kwanza ya abiria kuja nyumbani. Daktari alisema sitaiona Alhamisi, na Alhamisi imepita. Sogeeni basi, wanangu, niseme yangu nikiwa bado nina pumzi ya kusema na masikio ya kusikia injini.

Silvano, toka dirishani, uwanja hauhami. Kaa hapa na dada yako Priska.

Mimi Godwin nilianza kwa kupakia mizigo kiwanja cha Mtwara mwaka 1979. Nilipopewa ukurugenzi mtendaji, wapakiaji wenzangu walikuja ofisini wakaniambia, "Shikamoo bosi, masanduku yetu leo anabeba nani?" Nikawanywesha chai. Niliongoza miaka kumi na saba na sikupoteza abiria hata mmoja. Hayo watu huyasema mpaka harusini. Lisilosemwa ni hili.

Mwaka 2006 nilisimama kiwanja cha Newala na wageni waliokuja kununua korosho, tunaisubiri ndege yetu, na watu wanakatiza njia ya kurukia kwa baiskeli. Kapteni Bwanali alizunguka mara mbili, akarudi Mtwara. Mgeni mmoja akaniuliza kama rubani wangu anaogopa baiskeli. Nikampigia Bwanali nikamwambia, "Umenivua nguo mbele za watu." Akanijibu, "Mzee, ningetua, leo ungekuwa msibani." Wiki haikuisha, nikamwachisha kazi. Hakuna aliyeumia siku ile, na hilo ndilo lililonidanganya miaka yote, maana kosa lisilo na maiti halina wa kulichunguza.

Bwanali yupo Chiungutwa, analima mikorosho. Nendeni kwake, wewe Silvano na Veridiana, binti wa dada yangu. Msipige simu. Ketini mkekani kwake mseme, "Godwin alikosea, na alijua." Msipeleke bahasha, ataona mnamnunua.

Shamba la Lisekese nililirithi kwa mjomba wangu, kwa hiyo linakwenda kwa mpwa wangu Veridiana, kama wazee wetu Wamakonde walivyofanya. Nyumba hii na ile ya Mtwara ni zenu ninyi wawili. Limebaki lile mnalolisubiri. Veridiana anakaimu ukurugenzi tangu Januari, nawe Silvano unakitaka kiti hicho, na bodi inangoja neno langu Jumatatu. Uliniambia mila ya mjomba ni ya shamba, si ya kampuni. Ulisema kweli, ndiyo maana sijaandika jina la yeyote.

Nyamazeni. Mnaisikia? Hiyo, inatokea upande wa Nanganga. Miaka yote hii, na moyo bado unanidunda kama wa mpakiaji wa siku ya kwanza. Niinueni. Ongezeni mto. Haya, Silvano, rudi dirishani, uwe macho yangu.

Mbona imepita juu? Watu wako kwenye njia? Na bodaboda, na ngoma katikati? Basi ni mimi. Ni mimi niliyepeleka tangazo kanisani na msikitini kwamba watu wote waje kuipokea, nikasahau kusema wasimame wapi. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Hapana, Silvano. Najua namba ya kapteni unayo. "Baba, sema neno moja tu atue, uione." Nimekusikia, na neno hilohilo ndilo lililomnyima kazi Bwanali. Weka simu chini. Mkurugenzi hununua ndege, hutafuta mafuta, humwajiri rubani, lakini akishamkabidhi usukani hana mkono tena. Veridiana yuko uwanjani, wageni wote wanamtazama yeye, na anajua mjomba wake anakufa. Mwacheni. Nataka kujua atafanya nini.

Inazunguka tena. Chini zaidi. Kioo kinatetemeka, mnaona?

Inaondoka. Sikilizeni, inashika mashariki.

Priska, ni ujumbe wake huo? Soma, polepole. "Shikamoo mjomba. Watu wamegoma kutoka njiani. Kapteni ameamua kwenda Mtwara, nami nimemwambia asante. Nisamehe, hukuiona ikitua."

Marahaba, mama. Marahaba sana.

Msinifute machozi, haya ni ya furaha. Andika, Priska: jina ni Veridiana. Silvano, usinune. Masoko unayajua kuliko yeye, kaa mkono wake wa kulia, na siku ukimwona anamnyanyulia rubani simu, mnyang'anye.

Nipeni maji. Yanatosha.

Nizikeni Lisekese, kando ya mama yenu. Padri asihubiri habari za ndege. Msingoje wageni wa mbali, atakayechelewa atalikuta kaburi. Na pale uwanjani pigwe uzio, hata wa miti, kabla ya arobaini yangu.

Nipeni mikono. Mungu awape macho ya kuona mbali, na moyo wa kugeuka njiani bila aibu. Mlale mkiwa... mkiwa mmepatana. Sina zaidi.

Simu tena? Soma, mwanangu... sauti juu kidogo.

"Mjomba, saa tatu na dakika thelathini na nane, ndege imetua Mtwara. Abiria wote wameshuka."