Nilimwomba Mungu Amfunue Wifi Yangu

Bwana Yesu apewe sifa! Apewe tena! Mtu mnayemwona amesimama hapa, Jumamosi iliyopita saa kama hizi alikuwa anaongea na marehemu bibi yake, tena anajibiwa!

Ndugu zangu, kwa wasionijua, mimi ni dada mkubwa wa Elia, fundi simu wenu. Nimetoka Dodoma kuja kumsalimia huku ugenini. Nyumbani mimi ni mwombaji. Kanisani kwetu wakitaka mtu wa kufunga, wananiita mimi, na ninapenda sana kuitwa. Kiburi hicho nilipanda nacho ndege.

Nilikuja na ombi moja. Elia ameoa Mkongo, Noella, msusi wa saluni, yule pale aliyeinamisha kichwa. Nyumbani hatukushirikishwa, tulitumiwa picha za harusi kwenye simu. Mama alilia. Mimi sikulia, nilikasirika! Nikasema huyu mwanamke kamfunga mdogo wangu, maana Elia gani huyu anayefua nguo na kuosha vyombo? Basi kila alfajiri, kwenye flati yao kule South Beach, nilipiga magoti sebuleni nikaomba: "Bwana, mfunue Noella! Mfunue alivyo, Elia aone kwa macho yake, amrudishe alikotoka!"

Kanisa mkatangaza safari ya kwenda kuomba milimani, kule Drakensberg. Nikasema hapo hapo! Nikaanza kufunga Alhamisi jioni, funga kavu, si chakula si maji, na sikumwambia mtu. Noella akipakua, nasema nimeshiba.

Mimi mlima nilikuwa naujua kwa picha. Nilivaa raba za Elia, nimeshindilia soksi mbele. Kabla ya kupanda, kiongozi alisema kila mtu aonyeshe chupa mbili za maji, hilo jua si la mchezo. Nikaonyesha zangu zimejaa, nikasema "sharp!", yaani sawa, kama wenyeji. Halafu nikaingia chooni nikazimwaga zote mbili, nisije nikajaribiwa. Jamani! Maji safi, nimeyamwaga kwa mkono wangu huu!

Ule mlima ni majani matupu, mti wa kukupa kivuli hakuna. Kundi likatangulia, Elia yuko huko mbele anaimba. Nyuma tukabaki wawili, mimi na huyo huyo ninayemwombea mabaya. Alikuwa amekataa kuniacha.

"Yaya," akaniita, kwao ndiyo dada mkubwa, "iko moto sana. Kunywa kidogo."

"Tangulia, nakuja."

Saa sita jasho likakatika. Nikashangaa, nikadhani ni upako! Kumbe mwili umekauka. Nikaanza kutetemeka kwa baridi kwenye jua lile, ulimi umekuwa mzito, njia naiona mbili. Nikamwona marehemu bibi yangu amekaa kwenye jiwe anapepeta mchele, nikamsalimia, akaitikia! Nikaanguka.

Noella akafungua chupa zangu. Tupu! Akatoa yake, ilikuwa imebaki moja. Aliponisogezea mdomoni, nikaipiga kofi. Ndugu zangu, niliipiga kofi! Nusu ya maji ikaenda kwenye majani. Nilikuwa nakufa na bado nilikuwa naona kunywa maji ya yule mwanamke ni kushindwa.

Noella akavua kitenge chake akanifunika kichwa, akakilowesha kidogo, akanibana pua kama mtoto anayekataa dawa. Nikameza. Akaninywesha kidogo kidogo mpaka chupa ikaisha, yeye mwenyewe hakugusa hata tone. Nilimwona midomo imepasuka. Kisha akapiga kelele mpaka Elia akasikia, wakashuka kunibeba.

Zahanati nesi akaniuliza mara ya mwisho nilikunywa maji lini. Nikasema Alhamisi. Akaacha kuandika, akanitazama. "Eish, mama," akasema, akatingisha kichwa. Noella naye alikuwa kitanda cha pili, ametundikiwa dripu. Kwa ajili yangu!

Ndugu zangu, bado hamjasikia. Mimi mwenyewe nilidhani ushuhuda umeishia hapo.

Jana tulikuwa jikoni, Noella anatwanga sombe, kisamvu cha kwao. Nilikuwa sijalala vizuri wiki nzima. Nikasema liwalo na liwe, nikamwambia yote: nilikuwa nafunga, na nilikuwa nafunga kwa ajili yako, uondoke. Nikasubiri anirushie mchi. Aliendelea kutwanga.

"Nilijua, yaya," akasema. "Ukuta ya hii flati iko mwembamba. Kila asubui nilikuwa nasikia jina yangu."

Nikashika sinki.

"Hata mlimani ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na bado ukanipa maji yako yote?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu. "Ulikuwa na kiu, yaya."

Basi! Akaniomba nimsogezee chumvi. Nilikaa kwenye sakafu ya jikoni nikalia mpaka majirani wakagonga.

Nilimwomba Mungu amfunue Noella. Amemfunua! Elia alishamwona zamani, kipofu nilikuwa mimi.

Namshukuru Mungu kwa uhai wangu, na kwa kutonijibu nilivyotaka. Na wewe uliyekaa hapo leo, una jina la mtu unalolipeleka mbele za Mungu kwa hasira, mwachie Mungu huyo mtu. Mwamini tu, anajua kujibu. Ila ujiandae, mimi alinijibu nikiwa nimebanwa pua.

Wifi yangu, nyanyuka basi wakuone. Noella. Njoo hapa mbele, mdogo wangu, njoo.