Dada Mkaa na Pasi ya Bibi Yake

Wafiwa, majirani, nanyi mliotoka kazini kuja kumsindikiza, historia hii inasomwa na mdogo wa marehemu, yule msafiri, ambaye familia imemchagua kwa kuwa huwachekesha watu hata misibani, na leo imechagua vibaya.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Dada Mkaa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, akamaliza darasa la saba mwaka 1972, akaacha kuendelea ili mdogo wake aanze shule, na mdogo huyo hakuambulia kingine ila kusoma ramani.

Januari 1973 alianza udobi, bibi yake akamkabidhi pasi ya mkaa iliyobadilishwa mpini mara tatu na kifuniko mara moja, na bado bibi aliapa kuwa ni ile ile. Makaa yaliyopika ndiyo yaliyopiga pasi, kisha yakarudi jikoni kuchemsha maji ya kuoga, na aliyemwaga kaa lenye moto marehemu alimkomesha: "Wewe, baba yako ana mgodi?"

Tarehe 12 Agosti 1978 aliolewa na fundi baiskeli, aliyetutoka mwaka 2009, wakajaliwa wavulana wawili na binti mmoja. Pasi hiyo iliwasomesha wote watatu, na wale wavulana, walipokwisha kusoma, ndio waliomwita bahili. Binti akawa dobi, na kila siku marehemu alisema pasi ni ya binti huyo.

Tarehe 2 Juni 2023 alilazwa kwa ugonjwa wa moyo. Wavulana, kwa ushauri wa msomaji huyu, wakasafisha nyumba ili akirudi afurahi, wakampa mnunuzi wa vyuma chakavu ile pasi, wakapewa mabeseni mawili ya plastiki, hayo hayo mliyonawia mikono asubuhi ya leo, na mahali pake msomaji akaweka pasi ya umeme aliyotoka nayo safarini, akijiona mjanja.

Alirudi tarehe 21, akaiulizia pasi ya bibi, nasi, watu wazima wenye mvi, tukamwambia iko kwa fundi, mpini umelegea. Kesho yake tukamkimbilia mnunuzi, tukakuta imeshapanda lori kwenda kuyeyushwa. Kila asubuhi akauliza, akachungulia mlangoni, na siku moja akasema, "Fundi gani huyo, anatia mpini au anaotesha mti?" Tukacheka. Tulikuwa na ulimi wa kucheka, wa kusema kweli hatukuwa nao! Hata binti alipotaka kwenda kwa fundi mwenyewe, tukamzuia, tukamdanganya na yeye.

Alifariki tarehe 3 Agosti, saa nne asubuhi, akingoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani waliopika na kulaza wageni, na madobi wenzake waliosimamisha kazi tangu juzi. Haimshukuru msomaji huyu wala wapwa zake wawili, na asitokee mtu hapa kutufariji kwamba kilikuwa chuma tu.

Binti yetu, umesikia mbele ya watu, kwa kuwa faraghani tulishindwa.

Dada, hakuna fundi. Pumzika kwa amani.