Ufunguo wa Pampu ya Kwemtindi

Sogeeni wanangu, sogeeni mnisikie, kwa maana sauti yangu haifiki mbali tena, na sitaki baadaye mmoja aseme mama alisema hivi na mwingine aseme mama alisema vile. Salimu, wewe mkubwa, kaa hapo miguuni. Mwaija, acha vyombo mwanangu, vitaoshwa. Na wewe Muhidini, usisimame mlangoni kama mgeni anayeulizia njia. Hapa Kilole ni kwa dada yako, ingia uketi. Nimechoka. Uchovu wa kulima naujua, huo ukilala unaisha. Huu wa sasa nalala nao na kuamka nao, na yule daktari mliyenipeleka kwake aliniangalia mara moja, kisha akaanza kuongea na Salimu badala ya kuongea na mimi, nami nikaelewa.

Mali yangu haina maneno mengi. Cherehani ni ya Mwaija. Baba yenu, marehemu Mhina, aliileta mwaka wa Uhuru alipokuwa akikata mkonge huku Korogwe, akaibeba kichwani kutoka barabarani watu wakidhani amebeba maiti ya mtoto, jinsi alivyoifunika. Shamba la zamani, kule tulikotolewa wakati wa Operesheni ya kuhamia vijijini, Salimu unajua mipaka yake, toka mkwaju mpaka korongo. Limeota pori, lakini baba yenu amelala humo, kwa hiyo msiliuze. Mbuzi na vinginevyo vigawanywe kwa sheria ya Mwenyezi Mungu, na atakayegombea sufuria ajue kwamba ananiamsha.

Lakini sikuwaitia mbuzi. Nimewaita niwaambie jambo nililolifanya, ambalo watu wazima wa kijijini kwetu Kwemtindi wanalijua na ninyi hamlijui, maana mwaka ule wa sabini na nne Salimu ulikuwa jeshini, Mwaija ulikuwa umeshaolewa, na Muhidini ulikuwa Korogwe ya Zamani kwa shangazi yako, unasoma, wala baadaye hakuna aliyewatajia. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nami nimeficha mbele ya wanangu miaka minane.

Mnaikumbuka njaa ile. Mvua ilikata, muhogo ukaoza mkavu ardhini, tukala unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, mpaka watoto wakaukataa. Tulikuwa ndiyo kwanza tumehamia kijijini, nyumba zimepangwa mistari kama mkonge, na kitu kimoja tu kilitufariji: kisima cha pampu tulichokichimba wenyewe kwa kujitolea, wanaume wakichimba, sisi wanawake tukitoa udongo kwa karai. Maji yalipoanza kupungua, kamati ya kijiji ilikaa. Mwenyekiti alikuwa Sadala, mjomba wenu, mdogo wangu wa tumbo moja. Tukakata shauri kwamba maji ni ya waliochimba tu. Wafugaji wa kule mbugani waende kwingine. Mkono wa pampu ukafungwa mnyororo na kufuli, na ufunguo nikapewa mimi, kwa kuwa wanawake walisema Bibi Chausiku hana upendeleo. Nilijiona mtu, wanangu. Niliuvaa shingoni kwa uzi, nikitembea nikiusikia unagonga kifuani.

Siku moja, jua la saa saba, akaja mama wa Kimaasai anaitwa Nashipai. Nilikuwa namjua, alikuwa akituletea maziwa tulipokuwa kule kwa zamani. Alikuja na punda mmoja wa vibuyu, mtoto mchanga mgongoni, na binti yake Soila, wa miaka sita hivi, anatembea kwa miguu. Akanisalimu. Akasema, "Mama, sitaki ya ng'ombe. Nataka ya watoto."

Nikamwambia, "Kamati imekataa."

Akasema, "Kibuyu kimoja."

Nikamwambia, "Nikikupa wewe, kesho watakuja ishirini."

Yule binti alikuwa amekalia ukingo wa saruji, anapitisha kidole kwenye ule unyevu wa pampu na kukilamba. Nilimwona. Msije mkasema mama hakuona. Nilimwona, nikageuza uso, nikajifanya nakaza kufuli. Nashipai akanitazama kidogo, akamshika mtoto mkono, wakaondoka. Wala hakunitukana. Angenitukana ningepata la kujibu.

Mwaija, niinue kidogo. Hapo. Basi.

Baada ya wiki mbili akapita mumewe, Lesiamon, anakwenda mnadani na ngozi za ng'ombe waliokufa. Akiwa anaongea na watu wengine kabisa, akasema kwamba siku ile wanawe walikunywa maji ya lambo la mbali, yale mabaki ya kijani yenye mizoga pembeni, na binti akaharisha siku tatu, akafa. Alisema hivyo, akaendelea kutaja bei ya ngozi. Mimi nilikuwa napepeta unga. Nikaendelea kupepeta mpaka unga wote ukamwagika chini na sikujua.

Siku nyingi nilijitetea moyoni. Nilijiambia ni uamuzi wa kamati. Nilijiambia ni Mungu aliyezuia mvua. Nilijiambia hata wa kwetu walikufa, na ni kweli, walikufa. Kila neno lilikuwa kweli na hakuna lililonilaza usingizi. Mwisho nikafunga khanga, nikatembea toka alfajiri mpaka jua la utosi, nikafika kwenye boma lao. Nashipai alikuwa anakamua ng'ombe aliyebaki na mifupa. Nikasema, "Nimekuja kwa habari ya Soila."

Akaniuliza, "Siku ile, ufunguo ulikuwa na nani?"

"Ulikuwa shingoni mwangu."

"Maji yalikuwepo?"

"Yalikuwepo."

Akasema, "Haya. Nimesikia." Akarudi kwenye kukamua. Nikasimama pale, nikingoja aseme nimekusamehe, au aseme nenda na laana. Hakusema, na mpaka leo hajasema, na simdai. Jueni hili wanangu: kuna mlango unaubisha na mwenye nyumba ana haki ya kutofungua. Usiuvunje. Geuka, ukafanye lililobaki kufanyika.

Lililobaki lilikuwa mkutano. Nikasimama mbele ya kijiji kizima, nikavua ule ufunguo nikauweka mezani, nikaeleza kama nilivyowaeleza ninyi, kidole cha yule mtoto na vyote. Sadala akasema, "Dada, unatuvua nguo hadharani." Nikamjibu, "Nguo nilishaivua mwenyewe, mdogo wangu, pale kisimani." Watu walipiga kelele. Wengine walisema nimelishwa kitu na Wamaasai. Mjadala ukaenda siku mbili, mpaka ikakubaliwa: asubuhi yetu, alasiri akina mama wa mbugani wachote ya kunywa, ng'ombe wasikanyage pale. Na msidhani mambo yakawa mazuri kama hadithi. Mwaka wa sabini na sita maji yalipungua kweli, tulipanga foleni usiku na mchana, na kuna mwanamke alinitemea mate akisema ni mimi niliyegawa maji ya wanawe. Nilijifuta. Naye alikuwa na watoto. Lakini tangu mkutano ule hakuna mtoto aliyekufa kwa kufungiwa pampu, si wetu wala wao, na hilo peke yake ndilo ninalokwenda nalo.

Sadala hajaniamkia tangu siku ile. Salimu, mpelekee habari. Mwambie, "Dada yako anaomba uwe mmoja wa watakaoshuka kaburini kumpokea." Akija, msimkumbushe chochote. Asipokuja, msimseme.

Niachieni nipumue.

Muhidini. Nilikusikia juzi, ulidhani nimelala, ukimweleza shemeji yako kwamba mwaka huu mvua imekuwa kidogo, kwamba wewe ni katibu wa kijiji na watu wanakusukuma, na kwamba ukirudi kamati itakaa kufunga pampu kwa wafugaji, na safari hii ufunguo utakaa ofisini. Usiiname. Sikukasirikii. Ungekuwa mjinga nisingekuogopa hivi. Wewe umesoma, una hesabu zako za madumu na kaya, na hesabu zako ni sahihi, kama zetu zilivyokuwa sahihi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini mimi nilikuwa na njaa na bado nilifunga. Kwa hiyo usiseme moyoni, mimi ni mtu mwema, kwangu haitafika huko. Mimi nilikuwa mtu mwema. Ndiyo maana walinichagua.

Sitakwambia upige kura vipi. Mkitaka kupunguza, pimeni, mkitaka kupanga zamu, pangeni, mtu mzima hapangiwi na maiti. Ila watajie jina lake, Soila, waseme "tunafunga" wakiwa wamelisikia. Na mwite Nashipai naye akae mkutanoni. Akikataa kuja, kiti chake kiwepo.

Mkono wako uko wapi. Huu ni wa Salimu... huo ndio. Una baridi, au ni wangu.

Mungu awape riziki isiyowafanya muogope jirani. Awape watoto watakaowaambia ukweli, nanyi muwe na masikio. Salimu, nimeridhika nawe. Mwaija, nimeridhika, umenibeba kama mtoto. Muhidini, nimeridhika nawe kabla hujafanya lolote, usije ukafikiri radhi yangu ina masharti.

Nigeuzeni, nielekee kibla. Taratibu... Mkutano ni kesho, sivyo? Usinifiche. Basi la Handeni, la kwenda kwetu, linaondoka saa nane. Kaka yako Salimu atanizika, anajua kila kitu. Wewe vaa viatu, mwanangu. Usilie, utachelewa. Mwaija, mpe mdogo wako chakula cha njiani... Nenda, baba. Nenda.