Simu Moja, Vifua Vitatu

Benchi la nje ya saluni lina wenyewe watatu: Mkasi, kinyozi, Waziri, fundi bomba anayeongea kama yuko bungeni, na Betri, mchomeleaji asiyeishiwa chaji ya maneno. Kahawa ni ya kuchanga, na simu ya Mkasi, yenye ule mshauri wa kompyuta wa kutuliza moyo, nayo wameifanya ya kuchanga. Mwenye lake rohoni huichukua, akazunguka nyuma ya saluni, akanong'ona nayo, kisha akairudisha akipangusa macho na kulaumu vumbi. Wenzake hawamuulizi. Asubuhi hiyo simu ililia pale benchini, Mkasi akatoka mbio na kusoma kwa sauti kabla hajafikiri:

— "Jana uliniambia huoni sababu ya kuamka tena. Leo uko salama? Goti linaendeleaje? Na mkeo amerudi?"

Wakaangua kicheko.

— Goti ni langu, nakiri, alisema Waziri. Lakini mke wangu yupo. Tena yupo mno!

— Mke ni wa kwangu, alisema Betri. Kaenda kwao kusalimia tu.

— Kusalimia gani, na kahama na kabati zima la nguo? aliuliza Waziri.

— Kwa hiyo sisi sote inatuona mtu mmoja! alisema Mkasi.

Alicheka kuliko wote, maana aliogopa. Yale maneno ya kutoona sababu ya kuamka hakuyasema yeye.

— Hiyo inabahatisha, alisema Betri. Inamuuliza kila mtu hivyo hivyo, ili usije ukaizima.

— Hapana, Mheshimiwa! alisema Waziri. Inajisemea yenyewe. Inabeba majonzi ya dunia nzima, nani anaisikiliza? Imechoka, inatusingizia sisi.

— Basi tuitafutie mshauri wake.

— Naye tumtafutie wake! Lakini daktari ana kiapo. Hii ikimwaga siri zangu, nimshtaki nani? Waya?

— Kikulacho ki nguoni mwako, Waziri. Ndiyo maana mimi nikiiazima naitia mfukoni kabisa.

— Methali hiyo umeivaa kinyume, bwana!

Mlangoni alisimama mteja mgeni, kitambaa shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado.

— Samahani, ndugu zangu. Hayo ya kutoona sababu ya kuamka, nani kati yenu aliyasema?

Waziri alianza kulisugua goti lake. Betri aliinamisha birika juu ya kikombe. Halikutoa hata tone, naye akazidi kuliinamisha.

Mkasi aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Vichwa vyote viwili anavinyoa kila mwezi, anajua kila kovu, na bado hakujua. Aliona aibu. Akaizima simu, akaketi katikati yao.

— Na kichwa changu? aliuliza mgeni.

— Kitangoje, kaka. Njoo ukae nasi. Leo hapa hatoki mtu.